Chai ya Babu Ilivyoongoza kwa Vitamini

Siku ya maonyesho ya sayansi meza yangu ilikuwa na DCPIP, ile rangi ya buluu ya kupimia vitamini C. Unaidondoshea juisi; ikifutika upesi, vitamini ipo tele. Limau liliifuta kwa matone machache tu, wazazi wakapiga makofi.

Mama Rozela, anayeuza juisi nyekundu ya maua ya rozela pale getini, akaja na jagi lake. "Mwalimu, nipimie na yangu. Kuna watu wanasema nauza maji ya rangi."

Nikadondosha. Buluu ikawa zambarau. Nikaongeza, ikawa waridi. Nikaongeza tena, nyekundu ya kuiva kabisa. Rangi ya rozela ni anthosiyanini, na hiyo haina mpango wa kufutika. Huenda vitamini ilikuwa inachapa kazi humo ndani, lakini nani angeiona? Isitoshe, DCPIP yenyewe ikikutana na asidi hugeuka waridi. Waridi juu ya waridi!

"Mwalimu, jagi linakwisha," akasema Mama Rozela. "Unapima au unakunywa?"

Mwenzangu wa kemia akaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Akatia maji ya wanga kwenye rozela, akadondosha iodini. Vitamini C huimaliza iodini. Ikishakwisha vitamini yenyewe, ndipo wanga hugeuka buluu-nyeusi. Matone kadhaa, giza likaingia. Mama Rozela akatabasamu kidogo.

Hapo Babu wa chai, ambaye hakuna aliyemwalika, akasogeza kikombe cha chai ya rangi iliyochemka tangu alfajiri. "Na mimi."

Tone la iodini likaingia, likapotea. Jingine, likapotea. Chai ilimeza iodini kuliko rozela, watu wakaanza kuhesabu kwa sauti kama wako kwenye mnada. Ni tanini, zile kemikali za ukakasi za majani ya chai. Nazo huimaliza iodini, na kipimo hakiulizi nani kaimeza. Nilijaribu kueleza hayo, ila kwa kelele zile hata kengele ya shule isingesikika.

Mama Rozela kashika kiuno. "Yaani majani yaliyochemka tangu saa kumi usiku yanishinde mimi?"

Jumatatu getini palikuwa na kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa: CHAI YENYE VITAMINI, IMEPIMWA NA WALIMU. Bei imepanda. Na kwenye benchi nikamkuta mkuu wa shule, anaomba kuongezewa.