Mjusi aliyekonda apewe joto kwanza

Watu wakisikia kwamba hapa Manchester nachukua mijusi waliotelekezwa, swali la kwanza huwa ni nawalisha nini. Nalielewa swali hilo. Mnyama amekonda, mifupa ya nyonga imechomoza, macho yameingia ndani. Nani asingekimbilia bakuli la chakula? Lakini mjusi wa namna hiyo ukimshindilia chakula siku anayofika, unaweza kumuua. Hili nalisema kila ninapopata nafasi, na leo nataka niliandike.

Namzungumzia mjusi-ndevu, Pogona vitticeps, ambaye kwao ni nyika kavu za ndani ya Australia. Kidevuni ana miiba laini, na akikasirika hukivimbisha kidevu hicho kikawa cheusi. Mkubwa hufikia nusu mita pamoja na mkia, na akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hivi. Ni wa familia moja na wale mijusi wenye vichwa vyekundu wanaoota jua juu ya mawe ya kwetu Mwanza, na tabia haziko mbali: asubuhi hutafuta mahali pa kujianika, mwili upate moto, ndipo aende kuwinda. Mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Akiwa amepoa, tumbo halisagi chakula, na nzige aliyemmeza anaweza kumwozea humo humo.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni taa. Upande mmoja wa kizimba, pale pa kuotea, pafike nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Upande wa pili ubaki kwenye 25, achague mwenyewe. Kiganja hakitoshi kukadiria, kipimajoto lazima kiwepo. Kisha kuna taa ya pili, ile ya mrija mrefu inayotoa mionzi ya urujuanimno, iliyoandikwa UVB. Hapo ndipo ninapokutana na uzembe mwingi, tena uzembe wa watu wema. Taa hiyo huendelea kung'aa machoni petu muda mrefu baada ya mionzi yake kufifia. Mwenye mjusi anaona mwanga, anaridhika, kumbe mnyama anadhoofika. Wengine hukiweka kizimba dirishani wakidhani wamemaliza, ilhali kioo huizuia mionzi hiyo.

Bila mionzi, ngozi haitengenezi vitamini D3. Bila D3, utumbo haufyonzi kalsiamu ipasavyo, na mwili huanza kuichota kwenye mifupa yake wenyewe. Ugonjwa huu na matege ya watoto ni ndugu. Sisi wenye asili ya Afrika tunaoishi Uingereza, huduma ya afya ya hapa inatushauri tufikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, kwa sababu jua la huku huenda lisitutoshe. Ndiyo maana Mwafrika mwenzangu nikimweleza ugonjwa wa mijusi hawa hanishangai sana.

Jike mmoja aliletwa kwangu ndani ya boksi la viatu. Nilipomgusa taya, lilibonyea kama raba. Miguu ya nyuma ilimtetemeka kila alipojaribu kusogea, na kwenye kidole kimoja ngozi kuukuu isiyobambuka ilikuwa imemkaba, tabaka juu ya tabaka, hadi ncha ikawa nyeusi. Ngozi ya hivyo haivutwi kwa nguvu. Inaloweshwa kwa maji ya vuguvugu, inasuguliwa polepole kwa mswaki laini, kesho tena, keshokutwa tena. Ncha ya kidole hatukuiokoa. Taya lilikazana baada ya miezi kadhaa ya kalsiamu ya daktari, ila miguu ilibaki na kombo.

Daktari si wa hiari. Tafuta anayewajua reptilia, umpelekee na kinyesi kipimwe, maana minyoo na kokisidia, vimelea wadogo wa utumbo, humnyonya mjusi dhaifu, na wafugaji wa kuku wanajua kokisidia ni balaa gani. Maji hutangulia, tone kwa tone mdomoni, naye alambe mwenyewe. Chakula kinafuata, kidogo kidogo: sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, baadaye wadudu waliopakwa unga wa kalsiamu. Mchicha wa kizungu usiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa huifunga kalsiamu isifyonzwe. Parachichi ni sumu kwake, usimpe hata kidogo. Na ukimshika, nawa mikono kwa sabuni, kwani mijusi hawa hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima.

Wapo wasiopona. Uti wa mgongo ukishapinda na figo zikashindwa, daktari akisema alazwe usingizi wa mwisho, mimi namsikiliza. Kumng'ang'ania mnyama mwenye maumivu yasiyo na tiba naona ni kumtesa mara ya pili.

Kinachonikera ni dukani. Kanuni za England za mwaka 2018 zinamtaka muuzaji ahakikishe mnunuzi anapewa maelezo ya utunzaji. Karatasi haitoshi. Ningependa asikabidhiwe mtu mjusi mpaka aonyeshe kizimba kilicho tayari, taa zote mbili zikiwaka, na joto lililopimwa. Taa na kizimba vinaweza kugharimu kuliko mjusi mwenyewe, na mzazi anayemnunulia mtoto zawadi anapaswa kulijua hilo kabla hajatoa pesa.

Wale wanaokuja kuniachia mijusi wao huwa wameinamisha kichwa, wamejiandaa kutukanwa. Siwatukani. Nawauliza alikuwa anakula nini, taa ilibadilishwa lini, alipata choo mara ya mwisho lini, maana majibu hayo daktari atayahitaji. Ukiwa na mjusi umeshindwa kumtunza, mtoe sasa, wakati mifupa yake bado inaweza kukaza.