Kolwezi Yangu ya Ghorofa ya Pili

Kufikia katikati ya Desemba ya mwaka huo nilikuwa nimekwisha kulala hotelini usiku 27, Kinshasa, Johannesburg na kwingineko, na kila usiku ulikuwa umelipwa na mwajiri wangu, ambaye huuza pampu za migodini na kunituma mimi kuzifunga zinapogoma. Hoteli hizo zote zilikuwa za kampuni moja ya nje yenye programu ya wateja waaminifu: ukilala unapewa pointi, pointi zikitosha unapewa chumba bure, na ukilala mara nyingi katika mwaka mmoja unapandishwa daraja. Mimi nilikuwa wa daraja la fedha. Ili kufika kwenye dhahabu zilihitajika usiku 30, na saa sita ya usiku wa tarehe 31 hesabu yote ingefutwa na kuanza upya kwenye sifuri. (Daraja la shaba halikuwapo kabisa, jambo ambalo mimi, kama mtu wa Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo, sijalisamehe mpaka leo.)

Zilibaki tatu. Mwajiri wangu hakuwa na safari nyingine ya kunituma, lakini hoteli ya kampuni hiyohiyo ilikuwapo hapahapa mjini, robo saa kwa teksi kutoka kwangu Kampemba.

Msomaji asinione mwendawazimu, kwa maana ugonjwa huu una historia. Tangu American Airlines ilipoanzisha programu yake ya maili, yaani pointi za abiria wa ndege, mnamo Mei 1981, wako watu ambao kila Desemba hupanda ndege asubuhi na kurudi jioni bila kuwa na shughuli yoyote huko walikokwenda, ili tu hesabu yao itimie. Nami nilikuwa nimesoma habari za David Phillips, mhandisi wa California, ambaye mwaka 1999 aligundua kwamba kampuni moja ya vyakula ilikuwa ikitoa maili za ndege kwa lebo za bidhaa zake, hata lebo ya kikombe cha pudini cha senti 25. Alinunua vikombe 12,150 kwa dola zipatazo 3,140, akapata maili zaidi ya milioni moja na laki mbili. Kazi ya kubandua lebo ilikuwa kubwa mno kwa familia yake, hivyo akawaomba watu wa Jeshi la Wokovu wamsaidie, naye akawaachia pudini zenyewe. Nilijiambia kwamba ikiwa mwenzangu alibeba vikombe elfu kumi na mbili, mimi nitashindwaje kulala usingizi mara tatu?

Chumba kiliuzwa dola 110 kwa usiku kwenye tovuti ya hoteli yenyewe. Nikatafuta, nikakuta tovuti moja ya wakala inayokiuza chumba kilekile kwa dola 96. Tatu kwa 96 ni 288. Nilikuwa nimeokoa dola 42 hata kabla ya kuvua viatu, na furaha ya kuokoa ikanifanya nisisome maandishi madogo yaliyokuwa chini ya bei. Naomba sentensi hii ikumbukwe.

Jambo ambalo sikuweza kulifanya ni kumwambia mke wangu. Dola 288 katika mwezi wa nguo za Noeli za watoto wanne, mwezi unaofuatwa na mwezi wa karo, ni fedha isiyotetewa kwa maneno, hasa mtetezi anapotakiwa kueleza kwamba malipo yake yatakuwa chumba kikubwa zaidi kikiwapo, ruhusa ya kuondoka saa kumi alasiri badala ya saa sita, na glasi moja ya kinywaji cha kukaribishwa. Nikasema ninakwenda Kolwezi. Pampu imegoma.

Kolwezi, mji mwingine wa migodi, iko umbali wa kilomita zipatazo 300, na mke wangu ni mtu mwenye huruma, kwa hiyo alinifungashia kana kwamba ninakwenda kwa miguu: buti za mgodini, kofia ngumu, koti la mvua, karanga, na mfuko mzima wa kapenta (dagaa) za kukaanga, kwa sababu chakula cha njiani hakiaminiki. Nikaingia katika ukumbi wa marumaru wa ile hoteli nikiwa nimevaa buti na kunuka samaki, na yule kijana wa mapokezi akaniuliza kwa adabu kama nimekuja kutengeneza lifti.

Usiku wa kwanza nilikula kapenta kitandani, nikazima simu mapema, nikalala. Usiku wa pili nao ungepita salama kama si mvua. Ilinyesha mvua ya Desemba, ile ambayo Lubumbashi haibishani nayo, na mimi nikakumbuka kwamba bati la jikoni lilikuwa limelegea. Nikapiga simu nyumbani.

“Papa, habari ya Kolwezi?” mke wangu akauliza.

“Salama. Bati limeshika?”

“Limeshika. Huko nako mvua inanyesha?”

Nilikuwa bado natafuta jibu la busara radi ilipopiga. Iliupiga mji mara moja tu, lakini sisi wawili tuliisikia mara mbili, kila mmoja dirishani kwake na kila mmoja katika simu ya mwenzake. Kisha umeme ukakatika, na mke wangu, gizani kwake, akanyamaza kidogo.

“Radi ya Kolwezi na ya kwetu zimepiga pamoja,” akasema.

“Ni kubwa sana hii mvua,” nikajibu. Wakati huohuo mtandao ukakatika pia, nami nikatoka kwenye korido kuutafuta.

Hapa inanipasa kueleza mavazi. Nilikuwa nimetoka kuoga, na nilikuwa nimevaa lile joho jeupe la taulo ambalo hoteli huwatundikia wageni bafuni, pamoja na sapatu za karatasi, na chini ya joho hakukuwa na chochote cha kusimulia. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Kadi ya kuufungulia ilikuwa ndani. Nikangoja gizani kwa dakika kama kumi nikitumaini kwamba mfanyakazi atapita, asipite mtu. Basi nikashuka kwa ngazi nikipapasa ukuta. Nilipokanyaga ngazi ya mwisho, jenereta ikawaka, na taa zote za ukumbi zikaja kwa pamoja.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, na katika mji wetu hakuna ukumbi wa hoteli usio na harusi Jumamosi ya Desemba. Mbele yangu walikuwa wamesimama akina mama kama arobaini wa sare moja ya kitenge, wakingoja mvua ipungue, na mstari wa kwanza, mkono mmoja ukiwa na mwavuli, alikuwa mama mdogo wa mke wangu.

Kwetu mama mdogo wa mke ni mama mkwe kamili. Huli naye meza moja, humpi mkono ovyo, ukikutana naye njiani unampisha. Kusimama mbele yake ukiwa umevaa taulo ni jambo ambalo wazee hawakulitungia hata methali, kwa kuwa hawakudhani kwamba litatokea. Yeye alifanya linalompasa: aliufunika uso kwa ncha ya kitenge, akageuka, akautazama ukuta. Halafu akauambia ukuta, kwa sauti ya upole iliyofika mpaka jikoni:

“Mkwe, Kolwezi imesogea karibu hivi?”

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani usiku uleule. Mimi nilipiga hesabu. Usiku wa tatu ulikuwa umekwisha kulipwa, dola 96 zisizorudishwa. Ukiuacha unakuwa na 29, na 29 ni daraja la fedha vilevile. Nikakaa. Jumapili nzima mke wangu hakupokea simu, na nikaimaliza kapenta yote kwa huzuni.

Jumatatu asubuhi, nilipofungua geti, nilikuta chini ya mwembe viti ambavyo si vyetu. Kaka zake wawili walikuwapo, mzee wa kanisa alikuwapo, na mama mdogo alikuwapo pia, kiti chake kikiwa kimeelekezwa kwenye ukuta wa jirani. Yaya wake, yaani ndugu yake mkubwa, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alifungua kikao kwa kuuliza biro ya pili, yaani mwanamke wa pembeni, iko mtaa gani na ina watoto wangapi.

Nikasimulia. Nilieleza madaraja, pointi, tarehe 31, ndege za Desemba, hata yule mhandisi wa pudini. Walisikiliza kwa uvumilivu unaotolewa kwa mgonjwa.

“Huyo wa pudini,” mke wangu akasema, “aliwaachia maskini pudini. Wewe umemwachia nani nini?”

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema kwamba sihitaji kuaminiwa kwa maneno, kwa sababu hesabu yote imeandikwa katika programu ya hoteli, ambayo haina ndugu wala upendeleo. Nikaifungua simu na kumkabidhi yaya bila hata kuitazama. Akavaa miwani.

“Ulikuwa na ngapi kabla ya hizo tatu?”

“Ishirini na saba.”

“Na sasa?”

“Thelathini.”

Akanirudishia simu. Iliandika 27.

Maandishi madogo, yale niliyoomba yakumbukwe, yalikuwa yanasema kwamba chumba kilichonunuliwa kupitia wakala hakiingizwi katika hesabu. Shahidi wangu wa pekee alikuwa ameapa, mbele ya ukoo, kwamba siku hizo tatu sikulala katika hoteli hiyo.

Tulikwenda kwa magari mawili. Kijana wa mapokezi alieleza kwa heshima kubwa kwamba hoteli haitoi habari za mgeni kwa mtu mwingine. Nikamwambia kwamba mgeni mwenyewe ndiye mimi na ninaruhusu. Akanitazama, akaitazama familia, na kwa wema ambao nitaukumbuka mpaka kufa akaninong'onezea, lakini si kwa sauti ndogo ya kutosha, “Mzee, mimi sikuoni hapa kabisa.” Mke wangu akaketi kwenye sofa na kuanza kulia.

Aliyeniokoa ni mama wa usafi wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akipita na ndoo.

“Aa, huyu si yule wa kapenta?” akasema. “Nimefungua madirisha tangu asubuhi na harufu haijatoka. Wageni wa chumba cha pembeni walihama.”

Yaya alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akatoa hukumu kwamba hakuna mwanamume duniani anayempeleka mwanamke wa pembeni katika hoteli ya dola 96 na kumlisha kapenta za mke wake kwa siku tatu. Mtu huyu alikuwa peke yake, na ni mjinga tu. Mke wangu akaacha kulia, akauliza kama mfuko wote uliisha. Kesi ya biro ya pili ikafutwa.

Ile ya joho haikufutwa. Mama mdogo, akiwa ameuelekea mchoro mmoja wa ziwa, alidai mbuzi jike, kitenge cha kufutia macho yaliyoona, na usiku mmoja katika hoteli hiyo, maana alitaka kujua ni kitu gani kilichomo humo kiasi cha kumfanya mkwe wake apoteze akili. Mbuzi na kitenge nilivilipa wiki hiyohiyo. Chumba nilikilipa kwa pointi, kwenye tovuti ya hoteli yenyewe na kwa jina langu, tarehe 30. Nikatia saini mapokezi huku mama mkwe akiwa nyuma yangu na begi lake, na yule kijana akaninyoshea funguo bila kuinua macho. Mama mdogo alipelekewa glasi ya kinywaji cha kukaribishwa. Mimi nilirudi nyumbani kwa teksi.

Asubuhi ya tarehe 31 simu ililia. Programu ilinishukuru kwa kulala kwao usiku uliopita, ikaniarifu kwamba sasa nimefikisha 28.