Diski Zenye Matundu na Maji ya Mchele ya Mama Mkwe

Kwa kuwa swahiba wangu amekwisha kusambaza simulizi yake, ambamo gari langu limelipuka na mimi nimekimbilia baharini, naona ni haki yangu kueleza kwamba gari halikulipuka, na bahari niliitazama tu.

Fundi wangu wa Magomeni, hapa Mtwara, alinishauri ninunue diski za breki (sahani za chuma zinazobanwa na pedi ili gurudumu lisimame) za kawaida, zile zenye uso laini na nafasi ya kupitisha hewa katikati, badala ya zile zilizotobolewa matundu. Alinifafanulia kwa subira kwamba matundu yalitobolewa enzi za pedi zilizokuwa zikitoa gesi zikipata moto, kwamba pedi za siku hizi hazina tabu hiyo, na kwamba kila tundu hupunguza chuma cha kubebea joto na ndipo ufa unapopenda kuanzia. "Hili ni chujio la nazi, mwanangu," alisema. Mimi nilikuwa nikitazama namna zile zenye matundu zinavyong'aa nyuma ya rimu, na Jumamosi kulikuwa na harusi ya shemeji yangu Mikindani. Mlitaka nichague zipi? (Msijibu.)

Diski mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, nayo hufutwa kabla ya kufungwa. Zangu zilifungwa jioni, kwa haraka, na hazikufutwa.

Mteremko wa kuingia Mikindani tuliushuka nyuma ya pikapu ya matarumbeta, mwendo wa konokono, mguu wangu ukiwa juu ya breki muda wote. Nilipoegesha mbele ya ukumbi wa wakwe, moshi ulianza kupanda kutoka magurudumu ya mbele, mweupe, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Matarumbeta yalinyamaza moja baada ya jingine. Ndipo mama mkwe alipotokea uani akiwa na beseni la maji aliyooshea mchele wa pilau.

Nilijua maji baridi yanavyokifanya chuma kilichopata moto. Nilijua pia kwamba mkwe hapigiwi kelele mbele za watu. Basi nilifungua kinywa ili nimwambie asimwage, na kilichotoka ni: "Shikamoo, mama." Naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, alisimama, beseni likiwa limeinama tayari, akaniitikia kwa utulivu, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Nikasema sijambo. Akauliza watoto. Nikasema hawajambo. Akamwaga.

Ilisikika "ta!" moja tu. Nilipochungulia kupitia rimu niliuona ufa umetoka tundu moja hadi la pili na kuendelea hadi ukingoni, na katika matundu mengine zilikuwa zimenasa punje za mchele, nyeupe, zimejipanga vizuri. (Aliyepiga picha hiyo tunafahamiana, na deni lako nalikumbuka.)

Yaliyofuata hayana maana: gari lilivutwa, fundi hakusema neno, diski laini zikafungwa kwa jozi pamoja na pedi mpya, na mama mkwe anawasimulia majirani kwamba aliniokoa na moto. Diski moja imebaki nzima na inauzwa. Mchele nimekwisha kuutoa.