Nyungu ni ya watu wazima, mtoto mtoeni kwenye blanketi

Kipupwe kimeingia na mtaani kwetu kila nyumba ina mtu anayepiga chafya. Jana muuza mboga wetu alikuwa ameweka pembeni ya mchicha mafungu ya majani ya mkaratusi, mchaichai na kivumbasi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. "Chukua ya nyungu, dada, mafua ya safari hii hayana huruma." Nikachukua mawili.

Mimi ni mtu wa nyungu. Nimelelewa na bibi Lushoto, ambako mwezi wa saba ukungu unaweza kukaa mlangoni mpaka saa nne asubuhi. Bibi alijaza majani kwenye chungu, akakiziba mdomo kwa jani la mgomba, akakiacha kichemke mpaka harufu ienee jiko zima. Mgonjwa anakaa kwenye kigoda, anafunikwa blanketi, halafu jani linatobolewa. Jasho linatiririka, pua inazibuka, na usiku huo unalala usingizi wa kushiba. Ila sisi wadogo hakutuingiza humo hata siku moja. Alitukalisha jikoni, harufu itufikie hapo hapo.

Miaka ya korona, 2020 na 2021, hayati Rais Magufuli alipohimiza kujifukiza, nyungu ilirudi mjini kwa kishindo. Watu waliokuwa wakiiona ushamba wakaipokea, na mimi nilifurahi. Lakini kile alichokijua bibi hakikurudi nayo. Sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka inawekwa sakafuni, mama anamkumbatia mtoto, wanafunikwa blanketi zito, giza, joto, na mtoto wa miaka mitatu anaambiwa atulie.

Nyumba ya jirani yangu mtoto hakutulia. Alirusha mguu mara moja tu. Nilisikia ukelele nikiwa naanua nguo, nikakimbia, nikamkuta mama anatafuta dawa ya meno ya kumpaka, na ngozi ya paja la mtoto imeanza kuinuka malengelenge. Nilimbeba mpaka bombani nikamwagia maji ya kawaida kwenye lile paja, maana mtu akiungua na maji ya moto ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo aende hospitali. Dawa ya meno, mafuta, yai, vyote hivyo viacheni. Mtoto alipona mafua kabla ya wiki kuisha. Lile jeraha lilichukua miezi, na kovu analo.

Na mafua yale yangepona tu. Mafua ya kawaida ni virusi, huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kubaki mpaka wiki ya 3. Mvuke hauui kirusi, tangawizi haikiui, limau halikiui. Vinampunguzia mgonjwa adha wakati mwili wake unafanya kazi, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Nani asiyejua raha ya chai ya tangawizi ya Same iliyokolea, koo likiwa linawasha? Tuvipende kwa hilo. Tukivipa sifa ya kuponya, ndipo mtu anapoamini kuwa kumfungia mtoto na maji ya moto ni kumwokoa. Kapsuli za rangi mbili tunazokimbilia dukani nazo hazifanyi chochote kwa mafua. Antibayotiki ni za bakteria.

Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kinatuliza kikohozi vizuri sana. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kidoleni, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvizuia, vikamlegeza misuli mpaka ya kupumulia. Huyo ananyonya tu, tena mara nyingi. Mafuta ya mkaratusi yasiingie kinywani mwa mtoto yeyote, yanaweza kumletea degedege.

Kitu ambacho ningependa kila mzazi akijue ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Au kifua kikiwa kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, au anashindwa kunyonya. Hiyo huenda ni nimonia, na hapo hakuna jani la kuchuma, ni kituo cha afya usiku huo huo.

Juzi wangu wa miaka minne aliamka saa nane usiku anakohoa. Nilikaa kitandani kwake, simu mkononi inahesabu sekunde, nikitazama kifua chake kwenye mwanga wa kioo. Ishirini na nane. Nikampa asali, nikampandisha mto kidogo, akanigeuzia mgongo akalala. Nyungu nilikuja kupiga mwenyewe asubuhi, alipokwenda kucheza nje.