Fuvu la Oldupai nimelishikia Uingereza

Nimezaliwa Karatu. Kutoka nyumbani kwetu hadi Bonde la Oldupai ni safari ya asubuhi moja kwa gari: unaingia geti la Loduare, unazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, unashuka upande wa pili. Nimesoma Karatu tangu chekechea hadi kidato cha nne, na sikuwahi kufika. Lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliye jamaa wa binadamu, ambalo Mary Leakey alilikuta Julai 1959 nimelishika kwa mara ya kwanza kaskazini mwa Uingereza, kwenye maabara ya chuo, chumba cha chini kisicho na dirisha. Ilikuwa nakala ya plasta. Lenyewe limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Juu ya boksi palibandikwa karatasi: Olduvai, Tanzania. Wenzangu wakaanza kupima. Mimi nilibaki nimelipakata, nashindwa kuandika hata namba moja.

Niko mwaka wa tatu, nasoma anthropolojia, elimu ya binadamu, na shahada yangu ni ya sayansi. Nikisema hivyo nyumbani, watu wananitazama. Nilisoma tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kwa hiyo ukoo mzima ulishanivisha koti la daktari. Baba mkubwa aliniuliza mbele ya wageni, "Yaani mwanangu, umeacha udaktari ukasome makabila?" Simlaumu. Kwetu mtoto anagawiwa mapema, huyu sayansi, huyu sanaa. Wakati wangu, akishaingia kidato cha tano na PCB alikuwa hakutani tena na historia, na mwenzake wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) alikuwa haangalii tena tone la damu kwenye hadubini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia na kinafundisha sosholojia, Nairobi wana anthropolojia kama shahada ya sanaa. Lakini kumsoma binadamu mfupa wake, damu yake, chakula chake na arusi yake katika darasa moja, kama wanavyofanya Durham au University College London kwenye shahada zao za sayansi, hilo nimelikuta huku. Na naumia, maana mali ghafi ya somo hili ni sisi.

Chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nimefundishwa mara mbili. Mara ya kwanza kidato cha sita: baba AS, mama AS, yaani kila mmoja ana nakala moja ya jeni ya ugonjwa, chora mraba, robo ya watoto SS, yaani wagonjwa, geuza ukurasa. Mara ya pili huku, mhadhiri alianza kwa kuuliza: jeni hii inaua watoto, mbona haijaisha duniani? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi alioukusanya Afrika Mashariki kwamba mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo hupata kinga dhidi ya malaria kali. Na malaria nayo ina uhusiano na jembe: msitu ukikatwa, maji yakatuama juani, mbu wanapata pa kuzaliana. Siku ile shamba, mbu, damu na ukoo vikawa kitu kimoja kichwani mwangu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye selimundu. Nilimkumbuka binti wa jirani yetu, alivyokuwa akilia usiku kwa maumivu ya mifupa, na watu wakimnong'ona mama yake kwamba ana mkosi. Yule mama aliumia kwa ile minong'ono kama mtoto alivyoumia kwa mifupa, na mraba wa kidato cha sita haukuwa na nafasi ya kuliandika hilo.

Lakini kilichonigeuza hasa ni Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji.

Baba ananunua vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na likizo nilikuwa namfuata. Siku ya mnada Wahadzabe walikuja na asali. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye Baba alimpenda. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeota sugu kwa kuvuta upinde, na asali yake ilikuwa na vipande vya masega na nyuki waliokufa ndani. Watu wengine walimpunja bila aibu. Waliwaita Watindiga, jina wasilolipenda wenyewe, na sisi watoto tuliwaona ni watu walioachwa nyuma.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye ukumbi wa mihadhara, mvua ikinyesha nje, nikaona Eyasi kwenye ramani ukutani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wa Wahadzabe 30, watu wazima. Waliwanywesha maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito, wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa, wakajua kila mtu anatumia kalori ngapi. Wanaume wale hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Wote tulitegemea wawe wanachoma nishati kuliko mtu anayeshinda ofisini Marekani. Haikuwa hivyo: ukizingatia ukubwa wa mwili, walikuwa karibu sawa. Huenda mwili unajibana mahali pengine. Leo mjadala wa unene katika nchi tajiri haukamiliki bila kuwataja majirani zetu wa Mang'ola, na hapo Karatu sijapata kumsikia mwalimu akilisema hilo darasani.

Huku wana vifaa, na wana nidhamu ya kupima. Mfupa mmoja wa paja unaupima leo, unaupima tena wiki ijayo bila kuangalia namba za kwanza, tofauti unaiandika kama kosa lako la upimaji, na hakuna anayekucheka. Kwetu nilizoea kuficha kosa ili nisikatwe maksi. Hilo natamani turudi nalo.

Ila kuna mahali wao ndio wanahangaika. Tulipochora michoro ya ukoo, pembetatu kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, karatasi yangu ilijaa kabla sijafika kwa bibi. Mjomba, baba mkubwa na baba mdogo kwao ni neno moja. Utani wanausoma kwenye makala ya mwaka 1940 ya mwanaanthropolojia Mwingereza, Radcliffe-Brown, wanaukariri kama kanuni. Mimi nimeshawaona watani wakilizuia jeneza njiani mpaka walipwe, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Mtoto wa Kitanzania anaingia kwenye somo hili akiwa na nusu ya maarifa tayari. Anachonyimwa ni hiyo maabara, na ruhusa ya kuwa wa sayansi na wa sanaa kwa wakati mmoja.

Mwezi uliopita nilimpigia Baba nikamweleza utafiti wa yale maji. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka kujua kalori ni nini, nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Na wao wenyewe, walirudishiwa majibu? Kwa lugha wanayoielewa?"

Nikamwambia, "Baba, hilo sijui."

"Basi nenda kaulize."

Jumatatu iliyofuata nilimpelekea msimamizi wangu swali lile lile. Ndiyo mada ya tasnifu yangu sasa, na Julai nakwenda Mang'ola.