VirtualBox, VMware na kobe anayelaumiwa bure

Tangu mwezi wa 11 mwaka 2024, pale Broadcom, kampuni inayoimiliki VMware, walipoiachia VMware Workstation Pro iwe bure kwa kila mtu, hata wa ofisini, ushauri umebaki mmoja tu kuhusu programu za kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya pili inayoishi ndani ya kompyuta yako. Mtu anauliza, jamani nina laptopu ya Windows nataka niweke Linux humo ndani nijifunzie, nitumie programu gani? Anajibiwa hapohapo: achana na VirtualBox, ile nzito, weka VMware. Basi, kesi imekwisha. Hakuna aliyemuuliza ana RAM ngapi, diski yake ni ile ya kuzunguka au SSD (ile ya kasi isiyozunguka), wala huko ndani anaenda kufanya nini.

Mimi VMware natumia na sina ugomvi nayo. Inapozidi inazidi kweli, hasa kwenye grafiki. Workstation inaupa mfumo wa ndani DirectX 11 (njia ya Windows ya kuchora picha kwenye skrini) ambayo inafanya kazi, kwahiyo Windows ukiiweka humo madirisha yanateleza, video inacheza, unasahau kama uko ndani ya mashine pepe. VirtualBox upande huo inachechemea miaka nenda rudi, unaburuta dirisha unaliona linakufuata nyuma kama mtoto aliyenuna. Na siku hizi wapo wengi waliohamia Linux moja kwa moja baada ya Windows 10 kukatiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu zao Windows 11 imezikataa, sasa wanataka Windows iishi ndani kwa ajili ya ile programu moja ya mahesabu au ya kuchora. Hao wa kuchora siwabishii, waende VMware.

Ila huyu wa kwanza, anayetaka Ubuntu ya kujifunzia amri na kupandisha kaseva kadogo ka majaribio, tunampotosha.

Fungua VirtualBox yako, washa mashine pepe, halafu angalia chini kulia kwenye ile mistari ya vialama vidogo. Ukiona kobe wa kijani, uzito wako umetoka hapo. Wenyewe VirtualBox ndio walimweka yule kobe, maana yake ni kwamba Windows imeshaikalia prosesa na haipavaiza (programu ya kuendesha mashine pepe) yake yenyewe, Hyper-V, kwahiyo VirtualBox haigusi VT-x au AMD-V, ule uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe, moja kwa moja, inabidi ipitie kwa mwenye nyumba kuomba kila kitu. Ukimuona kobe kila kitu kinakuwa kizito, na mtu anasema programu mbovu.

Na Hyper-V hukuiwasha wewe, hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ukiweka WSL2 (Linux inayoishi ndani ya Windows) imewaka. Docker Desktop, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena, mara nyingi imewaka. Hata kama hujaweka chochote, Windows 11 iliyowekwa upya huwa inawasha ile Memory Integrity kwenye mambo ya usalama, nayo inategemea haipavaiza hiyohiyo. Kwahiyo mtu ana Windows Home, hajawahi hata kulisikia jina Hyper-V, na kobe anaye.

Kumtoa ni kuzima Memory Integrity, kisha unafungua Command Prompt kama admini unaandika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, unazima mashine na kuiwasha tena. Gharama ipo na lazima isemwe, WSL2 na Docker havitafanya kazi mpaka urudishe, na ulinzi wa Windows unapungua kidogo. Kama laptopu ndio unafanyia miamala ya benki, pima mwenyewe.

Sasa utaniambia VMware kwenye laptopu hiyohiyo mbona inaenda? Inaenda, ndiyo. Kabla ya toleo la 15.5.5 la 2020 ilikuwa inagoma kabisa kuwaka kama Hyper-V ipo, sasa hivi nayo inapitia kwa mwenye nyumba, inapungua kasi lakini inavumilia vizuri kuliko mwenzake. Hilo nakubali. Ila VMware inapopungua kasi haikuonyeshi mnyama yeyote, VirtualBox imekuwa mkweli ikakuwekea kobe, na kwa ukweli wake ndio imepata jina baya.

Halafu kuna RAM. Laptopu nyingi tunazonunua kwenye maduka ya mtumba zinakuja na GB 4 au 8, na hapa hesabu haina siasa. Windows peke yake na brauza yenye tabu kumi inakula GB 4 hivi, wakati mwingine zaidi. Ukiwa na 8 unabakiwa na kama 4 za kumgawia mgeni, yaani mfumo wa ndani, na ukimpa zote mwenyeji, yaani Windows, anaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ikiwa ya kuzunguka ndio utasikia inakoroma, hapo hata uweke programu ya malaika itakwama tu. Mpe Linux Mint ya Xfce (desktopu nyepesi) GB 2 na kore 2, ataishi. Mwenye GB 4 nzima asijidanganye na chochote, aweke Linux yenyewe pembeni ya Windows au atafute RAM ya pili, kwenye laptopu nyingi za zamani kuna nafasi wazi chini ya kile kifuniko.

Kwahiyo RAM ndogo, diski ya kuzunguka, na kobe. Sababu tatu, na ni kwa huyo kobe peke yake ambapo kubadilisha programu kunasaidia walau kidogo.

Kinachonisumbua zaidi ni hilo neno bure. Broadcom walimaliza kuinunua VMware mwezi wa 11 2023. Ndani ya mwezi mmoja leseni za kununua mara moja zikafutwa, yakaja malipo ya kila mwaka. Mwezi wa 2 2024 ESXi ya bure, ile ya seva ambayo watu walikuwa wanajifunzia nyumbani, ikaondolewa. Mwezi wa 4 2025 ikarudishwa. Sisemi wana nia mbaya, biashara yao wanaijua wao. Ila mtu anayeweza kukupa, kukunyang'anya na kukupa tena ndani ya miezi 14, ukimjengea darasa zima la wanafunzi juu yake ujue umepanga kwa nani. Na kuipakua tu unatakiwa ufungue akaunti na ujaze taarifa zako, wakati VirtualBox unabonyeza faili linaanza kushuka, mwenye bando la siku anaelewa ninachosema.

VirtualBox nayo ina mwenyewe, tena Oracle, ambao sio watakatifu. Ilitengenezwa na Innotek Wajerumani, ikaenda Sun 2008, Oracle wakaipata 2010 walipoinunua Sun. Lakini programu yenyewe ni ya msimbo huria chini ya leseni ya GPL, Oracle wakiamka vibaya kesho wengine wana haki ya kuuendeleza. Mtego uko kwenye Extension Pack, kile kifurushi cha nyongeza. Ile sio huria, ni bure kwa matumizi binafsi na masomo, ukiiweka kwenye kompyuta za ofisi unadaiwa leseni. Wengi walikuwa wanaiweka kwa sababu ya USB 2 na 3 tu, na tangu toleo la 7.0 la 2022 hizo zimo kwenye programu ya kawaida. Kama upo ofisini usiiguse kabisa hiyo Extension Pack.

Wengine nawapita haraka. Ukiwa tayari uko Linux, KVM, nayo ya kuendesha mashine pepe, imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu 2007 na inawaacha wote hawa kwa kasi, ila kuizoea inataka muda. Hyper-V yenyewe kama una Windows Pro ni sawa kwa seva, kwa Linux yenye desktopu inachosha. Mac za M1 na kuendelea ni habari nyingine kabisa, kule UTM ni bure na Parallels unalipia.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo ameniletea laptopu yake, i5 ya zamani kidogo, GB 8, SSD, anataka nimtolee VirtualBox nimuwekee VMware kwa ajili ya Kali, Linux ya kujifunzia usalama wa mitandao. Nikamuonyesha kobe. Akacheka, alidhani ni urembo. Tumezima, tumewasha, Kali iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kufika kwenye desktopu ikafika kabla hajamaliza kunisimulia alivyohangaika nayo. VMware hatukuigusa, ila ameniomba nimuandikie ile amri ya kurudisha, maana kumbe na Docker anaihitaji kwa somo lingine.