Kwenu Wapi?

Dar es Salaam hukai na mtu mpya dakika tano kabla hajakuuliza, "Kwenu wapi?" Hana ubaya. Anatafuta pa kukushikia, huenda mkajikuta watani. Ila kuna wanaoliogopa swali hilo.

Jumamosi moja, kwenye warsha ya vijana ya kujitafuta wao ni nani kwa njia ya sanaa, nilikaa mkekani karibu na binti mzaliwa wa Temeke. Baba Mmakonde, mama Mpare, lugha zote mbili anajua salamu tu. Waliambiwa wachore kwao. Wengine walichora nyumba; yeye akachora mlango mtupu katikati ya karatasi ya manila, kisha akakata pindo la kanga kuukuu akalibandika chini liwe kizingiti. Alipoulizwa, akasema, "Mimi nakaa hapa." Sidhani angeyasema hayo kwa kuhojiwa. Mkono ulitangulia, mdomo ukafuata.

Wapo wanaoziona warsha hizi kuwa mambo ya wafadhili. Wanasema nchi iliamua kutochokonoa makabila, na kweli sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Tena tunao utani, tunao unyago. Nawaelewa, lakini utani unadai uwe na upande wa kutaniwa. Na kwa jadi ukoo wa Wamakonde hufuata mama, wa Wapare hufuata baba. Binti huyu basi hana anakohesabiwa! Jadi ileile inayowapokea wenzake inamwacha nje. Sheria nayo haipendi watu wa katikati: Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, na mtoto mwenye uraia wa nchi mbili akitimiza miaka 18 hutakiwa kuchagua mmoja.

Pale wakosoaji wanaponishika ni kwenye haraka. Kungwi hamwachi mwali siku ya kutolewa ndani. Kwenye ndoa yupo, kwenye uzazi yupo. Warsha huanza Ijumaa, Jumapili picha zinapigwa, mwezeshaji anafunga begi. Nimeshuhudia kijana akilia mbele ya watu asiowajua kwa sababu baba yake hajawahi kumtambua, kisha zamu ikaenda kwa mwingine. Baadaye mchoro wake ukatundikwa ukutani bila yeye kuulizwa. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Kumfungua mtu kisha kumwacha wazi ni kumdhulumu, hata kama nia ilikuwa njema.

Kwa hiyo naziunga mkono warsha, lakini si za siku tatu. Kikundi kiwe kidogo, kikutane chumba kilekile miezi kadhaa, na karatasi ibaki mali ya aliyeichora.

Yule binti hakuiacha yake. Aliiviringisha, akaifunga kwa raba, na kwenye daladala la Temeke, abiria wamebanana hadi mlangoni, aliinyanyua juu ya vichwa vyao mpaka kituo chake isipondeke.